Vidole Kwenye Ukingo wa Ndoo

Kinyozi huyu watu walimwita Ndoo, na wala hakununa. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho, na kinywani mwa mdogo wake wa kike siku akimkasirikia. Kwingine kote alikuwa Ndoo, kwa kuwa miaka ishirini mfululizo, kila penye ndondi, yeye ndiye aliyeonekana akipanda ngazi za ulingo na ndoo ya plastiki ya buluu mkononi. Ndani mlikuwa na maji, sponji, pamba, mafuta mazito ya kupaka usoni ili ngumi iteleze, na kichupa cha dawa ya kunusa, kali hasa, ya kumrudishia mtu macho yaliyokwisha kwenda zake. Alikuwa mtu wa kona. Bondia anapigana dakika tatu, anarudi kukaa dakika moja, na katika dakika ile moja mtu wa kona ndiye mama yake, ndiye daktari wake, na ndiye Shetani wake pia.

Siku nyingine alinyoa. Kibanda chake kilikuwa na viti viwili, kimoja cha kuzunguka na kingine kilichowahi kuzunguka. Alikuwa mpole wa mikono na mkali wa mdomo. Mteja akitikisika kidogo tu, atasikia, "Tulia wewe. Sikio halioti mara ya pili." Alijisifu kwamba akikushika kisogo anajua kama ulilala au ulikesha, na kama umegombana na mkeo atajua pia, ila hatasema mpaka amalize kunyoa. Watu walicheka, lakini walimwamini. Mtu aliyeshika vichwa miaka thelathini hawezi kukosa kujua kitu.

Kichwa alichokijua kuliko vyote kilikuwa cha shemeji yake.

Shemeji huyo naye alikuwa na jina la ulingoni: Nguzo. Alipewa kwa sababu hakuanguka. Ungempiga ungechoka wewe. Kitabu chake cha ubondia, kile kinachopigwa mhuri kila baada ya pambano, kilisema mapambano arobaini na moja, ushindi thelathini na tatu, na kupigwa nokauti mara moja tu. Mashabiki walikijua kwa moyo. Ndoo ndiye aliyemchukua akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, mwenye mabega mapana na haya za msichana, akamfundisha kusimama na kuficha kidevu, na alipomleta nyumbani kula, mdogo wake Ndoo akamtazama mara mbili. Mara ya tatu ilikuwa harusi. Ndoo alifurahi mpaka akavunja kiti akicheza. Alijiona amepata ndugu ambaye hakuzaliwa naye.

Tuseme na hili mapema, maana ndilo lililozaa mengine yote. Kwenye ndondi, bondia akipigwa ngumi nzito akayumba, mwamuzi humfuata kona wakati wa mapumziko na kumuuliza maswali. Unaitwa nani? Uko wapi? Unapigana na nani? Hii inayokuja ni raundi ya ngapi? Akishindwa kujibu, pambano limekwisha, nenda nyumbani. Ni utaratibu mzuri, uliwekwa na watu wenye huruma. Basi Ndoo, kama watu wengi wa kona wa enzi zake, aliwafundisha mabondia wake kuushinda. Jina na mahali walikariri kabla ya pambano kama watoto wanavyokariri hesabu. Mpinzani ilitosha kusema rangi ya bukta yake, maana hiyo unaiona. Iliyobaki ni raundi, na hiyo haikaririki kwa kuwa inabadilika. Kwa hiyo Ndoo alikuwa akichuchumaa mbele ya bondia wake, ameshika ndoo, na vidole vyake kwenye ukingo wa ndoo vilisema namba. Vidole vitano ni raundi ya tano. Vitano na viwili ni ya saba. Mwamuzi alikuwa nyuma yake, haoni. Nguzo alitazama vidole, akajibu, akainuka. Hivyo ndivyo mtu anavyopata jina la kutoanguka.

Nguzo aliacha ndondi akiwa na miaka thelathini na mitano, mzima, mcheshi, akapata kazi ya ulinzi kwenye ghala la saruji. Miaka mingi ilipita vizuri tu. Kila Jumamosi alikuja kibandani kunyolewa, akakaa kwenye kiti cha kuzunguka, wakakumbushana mambo, wakapiga chuku, na ngumi zikazidi kuwa kubwa kila mwaka.

Kisha akaanza kubadilika. Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekwa: alisimulia kisa kile kile mara mbili katika kunyolewa kumoja. Halafu akaanza kupotea njia ya kwenda kazini, njia ya dakika ishirini. Akawa mwepesi wa hasira, yeye ambaye zamani ungeweza kumkanyaga akakuomba msamaha. Akatupa sahani ukutani, ikapita karibu na sikio la binti yake mkubwa, kwa sababu tu binti alimuuliza kama ameona begi lake la shule. Kisha akajifungia bafuni na kulia, kilio cha sauti, na mkewe akasimama nje ya mlango hajui agonge au aondoke. Alitembea akiyumba kidogo, na maneno yakamtoka mazito. Kule ghalani, mara tatu alikutwa ameacha geti wazi, yeye amekaa anatazama mikono yake. Msimamizi akaandika kwenye barua kwamba amelewa kazini. Nguzo akamwaga unga, kazi ikaisha. Na mtu huyu pombe aliiacha tangu binti wa kwanza alipozaliwa.

Mdogo wake Ndoo alikuwa mpishi katika shule ya bweni. Ni mwanamke wa kuamka kabla ya jogoo, mwenye mikono iliyozoea masufuria ya kuogea watu wawili. Si mtu wa kulialia. Siku moja mchana alikuja kibandani na aproni yake, akasubiri mteja atoke, akakaa kwenye kiti kile kibovu.

"Kaka, nimechoka."

"Amefanya nini tena?"

"Usiniulize amefanya nini. Niulize nimevumilia nini." Akajifuta vidole vilivyokuwa vikavu. "Watu wananiambia anapiga maji kwa siri. Wengine wanasema ana mwanamke. Mimi ninalala naye, najua hanuki pombe. Lakini wanangu wanamwogopa baba yao. Unajua maana yake hiyo? Mdogo akisikia kitasa, anaingia chini ya meza."

Ndoo aliendelea kusafisha mashine yake kwa brashi, ingawa ilikuwa safi.

"Nataka aende kwa daktari," akasema mdogo wake. "Hospitali kubwa kuna daktari wa mambo ya akili, anasifiwa. Akiniambia huu ni ugonjwa, nitamuuguza mpaka mwisho, sitasikia la mtu. Lakini akiniambia mzima, ni tabia tu, shule ikifungwa nachukua wanangu naondoka. Nakwambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyenipa yeye. Mimi kazini hawaniruhusu siku ya wiki. Mpeleke wewe, kaka."

Ndoo akasema atampeleka. Na moyoni alikata shauri kumsaidia shemeji yake kwa kila njia. Hapo ndipo penye balaa, kwamba alimaanisha.

*

Chumba cha daktari kilikuwa kidogo, kimepakwa rangi ya kijani kibichi mpaka kifuani na nyeupe kwenda juu. Meza moja, viti vitatu, kabati la majalada lisilofunga vizuri, dirisha linalotazama mahali pa kufulia mashuka. Nje kwenye mabenchi watu walikuwa wamejaa. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye miwani na macho ya mtu aliyekula chakula cha mchana akiwa amesimama. Alimwamkia Ndoo shikamoo, akamwonyesha kiti karibu na ukuta, akamkalisha Nguzo mbele ya meza. Kwa bahati, au kwa mkosi, kiti cha Ndoo kikawa nyuma ya bega la daktari. Nguzo akiinua macho, anamwona.

Nguzo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alitoa kitabu chake cha ubondia, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

Daktari aliuliza juu ya usingizi, hasira, hamu ya chakula. Nguzo alijibu kwa adabu, "Kawaida tu, dokta. Nashukuru." Kisha daktari akavuta karatasi. "Nitakuuliza maswali mepesi. Usijali, ninamuuliza kila mtu. Leo ni siku gani?"

Nguzo akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akainua macho, akavuka bega la daktari.

Ndoo hakufikiri. Hilo aliliapia baadaye, na mimi namwamini. Aliona tu macho yale, macho ya mtu aliyerudi kona anatafuta, na alipotazama chini akakuta mkono wake mwenyewe umekaa juu ya goti, vidole vinne vimenyooka.

"Jumanne," akasema Nguzo.

"Vizuri. Mwezi wa ngapi?"

Hapa sasa Ndoo angeweza kukunja ngumi. Alikuwa amekwisha kujiona. Lakini macho yalikuwa yakimsihi, na mtu hawezi kumwacha mtu wake amekaa kona bila jibu. Vidole vitatu.

"Wa tatu, dokta."

Daktari akamtajia vitu vitano vya kukumbuka: kofia, ng'ombe, dirisha, maziwa, mpira. Akaongea naye mambo mengine, akamrudia. Nguzo akataja mpira peke yake. Ndoo akajipapasa kichwani. "Kofia." Ndoo akageuza macho kwenye mashuka nje. "Dirisha." Maziwa yalikuja yenyewe, Mungu ajua yalikotoka. Vinne kati ya vitano. Daktari alikuwa ameinama anaandika.

"Umewahi kupigwa ukapoteza fahamu?"

"Mara moja, dokta. Imeandikwa humo."

Daktari akageuka. "Ni kweli, mzee? Wewe ulikuwa naye."

"Ndivyo kitabu kinavyosema," akajibu Ndoo.

Daktari akasema kumbukumbu si mbaya kwa umri wake. Inawezekana ni sonona, ugonjwa wa huzuni, kupoteza kazi kumemvunja moyo, na akauliza tena kuhusu pombe. Akaandika vidonge vya kumsaidia kulala, na siku ya kurudi. Walipotoka koridoni, Nguzo alimshika shemeji yake bega, akacheka kicheko chake cha zamani. "Tumeshinda, shem?"

"Tumeshinda," akasema Ndoo.

*

Mdogo wake alisikiliza habari zote akiwa mlangoni mwa jiko la shule, mwiko mkononi. Alitaka kujua daktari alisema nini neno kwa neno. Ndoo akamwambia: kumbukumbu si mbaya.

"Kwa hiyo anajua anachofanya."

"Sikusema hivyo."

"Daktari kasema. Anakumbuka. Basi hata ile sahani anaikumbuka." Uso wake ulifungika kama mlango wa duka ufungwavyo. "Ahsante kaka kwa kunisaidia kujua. Wiki tatu shule inafungwa."

Alirudi kwenye masufuria yake. Wiki ile ile akaanza kukunja nguo za wanawe kwenye masanduku, mchana, waziwazi, Nguzo anaangalia na kumuuliza kila mara wanasafiri kwenda wapi.

Jumamosi Nguzo alikuja kunyolewa kama kawaida. Ndoo akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaanza kisogoni. Na mikono yake ikaanza kumhesabia. Kovu juu ya sikio la kushoto: hilo ni la mazoezini, alianguka akajigonga kwenye kona ya benchi, akazinduka anaulizia mama yake aliyekwisha kufa. Halikuandikwa popote. Nundu ya nyuma: mazoezini tena, na bondia mzito aliyemzidi kilo kumi, kwa kuwa siku ile hakukuwa na mwingine, na Ndoo ndiye aliyesema haya, pandeni. Mazoezini hakuna mwamuzi na hakuna mhuri. Unamwagiwa maji, unanusishwa dawa, unaambiwa jikaze kisabuni, kesho unarudi. Nokauti moja! Kitabu kile kilikuwa kinasema kweli kama picha ya harusi inavyosema kweli.

Halafu likaja lile kubwa, ambalo halikuwa na kovu.

Ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa madirishani, pambano la raundi nane. Mdogo wake alikuwa na mimba ya binti wa kwanza, amebaki nyumbani. Baada ya raundi ya sita Nguzo alirudi kona akakosea kigoda, akakaa nusu. Alisema kwa sauti ya chini, si ya kulalamika, sauti ya mtu anayeomba maji. "Shem, upande huu sioni. Basi. Inatosha."

Ndoo alimminia sponji kichwani. Alimsogezea dawa puani. Alimwambia, "Zimebaki mbili. Mbili tu." Na mwamuzi alipokuja, ukingoni mwa ndoo kulikuwa na vidole saba. "Ya saba," akasema Nguzo. Akainuka.

Alishinda kwa pointi. Walimbeba mabegani mpaka barabarani. Kesho yake asubuhi, akiwa na uso umevimba kama mkate, alimuuliza Ndoo, "Leo tunapigana saa ngapi?" Watu wote uani walicheka hadi machozi. Ndoo ndiye aliyecheka kuliko wote.

Sasa alizima mashine, akabaki ameshika kile kichwa kwa mikono miwili.

"Vipi?" akauliza Nguzo kwenye kioo. "Umeona mvi?"

"Nimeona mvi, shemeji," akasema Ndoo, na akalia. Alilia waziwazi, mwanaume wa miaka hamsini na minane, mbele ya wateja wawili waliokuwa wakisubiri, na hakuna aliyethubutu kumtania.

*

Alitumia siku mbili kuandika nyuma ya kalenda ya zamani. Aliandika kila mara aliyoikumbuka: Nguzo alipoanguka, alipozimika akiwa amesimama, aliporudi kona akauliza swali la kipuuzi, alipotapika baada ya mazoezi, siku alizolala na kichwa kikimuuma na bado akapanda. Aliacha alipofika ishirini na sita. Si kwamba zilikwisha.

Akaenda jikoni shuleni, akamwambia mdogo wake aombe ruhusa siku moja tu, hata kama ni kwa kusema kaka yake amekufa. "Kabla hujaondoka, njoo usikie kitu. Kisha ukiondoka, uondoke ukijua." Mdogo wake alimtazama sana. Alikuja.

Basi wakawa wanne katika kile chumba cha kijani. Ndoo alikataa kukaa. Alimwekea daktari kalenda juu ya meza, akasema, "Dokta, siku ile nilikudanganya." Akaeleza vidole. Akaeleza kofia na dirisha. Kueleza kulichukua dakika chache tu, jambo lililomshangaza, maana alidhani lingechukua siku nzima.

Daktari hakupandisha sauti. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mzee, mimi nilimwandikia mtu huyu kwamba kumbukumbu yake si mbaya. Unajua mtu mwingine angeweza kusoma karatasi ile na kumfunga jela kwa kosa asilolijua?" Kisha akaisoma kalenda, mstari kwa mstari, akiuliza hapa na pale: alizimika kwa muda gani, alikuwa na umri gani, alipumzika siku ngapi. Mara nyingi jibu la mwisho lilikuwa hakupumzika. Mke wa Nguzo alikuwa amekaa na mkoba mapajani, hatikisiki.

"Sasa tutarudia," akasema daktari, "na leo ni maswali marefu. Wewe mzee kaa nyuma yake. Mikono mfukoni."

Ndoo akakaa nyuma ya shemeji yake. Alikuwa anakiona kisogo tu, kisogo alichokinyoa mwenyewe.

"Leo ni siku gani?"

Kisogo kikainuka, kikatafuta juu ya bega la daktari. Hapakuwa na mtu, ni ukuta. Kikageuka kushoto, kikageuka kulia. "Leo..." akasema Nguzo. "Leo ni..." Ndoo alikuwa amekunja ngumi ndani ya mifuko mpaka kucha zikamchoma viganja.

Hakuijua siku. Mwezi alisema wa kumi. Vitu vitano vilikwenda vyote, hata mpira. Alipewa karatasi achore saa ya ukutani, akachora duara zuri, kisha akapanga namba zote upande mmoja, zikabanana, na upande wa pili ukabaki mtupu. Alijua kuna kosa lakini hakuona liko wapi. Aliigeuza karatasi, akaisogeza. Akaomba radhi.

Daktari akamuuliza kwa upole kama kuna siku anatamani asiwepo. Nguzo akamwangalia mkewe, akainama. "Naona ningewapumzisha, dokta. Mara nyingi naona hivyo." Hapo mkewe ndipo alipoangusha mkoba.

Daktari aliwaeleza bila kuwazungusha. Alisema ubongo uliopigwa mara nyingi, hata kwa ngumi zisizomwangusha mtu, unaweza kuharibika taratibu na ukaanza kuonyesha miaka mingi baadaye: kusahau, hasira, huzuni, kuyumba. Alisema kwa mtu aliye hai hakuna kipimo cha kuthibitisha kwa asilimia mia, atampeleka kupiga picha ya kichwa ili kuondoa magonjwa mengine, lakini kwa alichokisikia na kukiona leo, yeye hana shaka kubwa. Huzuni na usingizi vina dawa, na wataanza leo hii. Hasira wataisaidia. Kilichokwisha kupotea hakitarudi. "Na hiyo sahani, mama," akamwambia mkewe, "si tabia. Ni ugonjwa."

Mke wa Nguzo alimshika mumewe mkono. Aliushika kama mtu aliyeokota kitu chake barabarani, kimekanyagwa lakini ni chake. Alilia bila sauti. Wala hakumwambia mtu kwamba hataondoka. Ilionekana tu.

Kisha akamgeukia kaka yake. "Ulijua."

"Nilijua."

"Miaka yote hii, anatutupia sahani, mimi namwita mlevi, watoto wangu wako chini ya meza, na wewe unamnyoa kila Jumamosi na unajua."

Nguzo akanyanyua mkono wake mwingine, mzito, kama anavyonyanyua mwamuzi kutenganisha watu. "Mwache kaka yako, mama. Mimi ndiye niliyemlazimisha. Alitaka kusimamisha pambano, nikamwambia asithubutu. Nilikuwa kichwa ngumu." Akatabasamu, ana hakika kabisa. "Muulize. Mimi ndiye niliyetaka."

Mdogo wake Ndoo alimtazama kaka yake, na usoni mwake ukaonekana mwanya mdogo, kama mtu aliye tayari kusamehe ikiwa ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa zawadi imewekwa mezani. Mtu pekee ambaye angeweza kuikataa alikuwa Ndoo.

"Sivyo," akasema Ndoo. "Si yeye aliyetaka. Aliniomba tuache. Alisema haoni, alisema inatosha. Mimi ndiye niliyemwambia zimebaki mbili."

Nguzo aligeuka kumtazama, amekunja uso, anajaribu kuitafuta siku hiyo. Hakuipata.

Mdogo wake aliinama, akaokota mkoba, akarudisha vitu vyake kimoja kimoja. Aliposema, alisema kwa sauti ya jikoni, ya kupanga kazi. "Dokta anataka kumwona kila mwezi. Mimi kazini hawataniruhusu. Utamleta wewe. Kwangu usiingie. Utamsubiri nje ya geti, utamchukua, utamrudisha hapo hapo."

"Sawa," akasema Ndoo.

Mwezi wa kwanza alisimama nje ya geti tangu saa moja asubuhi. Nguzo akatoka, shati limepigwa pasi, amenyolewa vibaya na mkewe, akafurahi kumwona. Walipofika kona ya barabara akauliza, "Shem, mbona siku hizi huingii ndani?" Ndoo akamweleza sababu, tangu mwanzo mpaka mwisho, wakiwa wanatembea. Nguzo alitembea hatua mbili mbele yake mpaka hospitali. Mwezi wa pili akauliza tena, kwa uso ule ule wa furaha, na Ndoo akamweleza tena. Safari hiyo Nguzo alisimama katikati ya njia, akalia, akakataa kushikwa mkono. Mwezi wa tatu Ndoo aliamka mapema, akanyoa ndevu zake, akafunga kibanda, na kwa kuwa alijua ataulizwa, njia nzima ya kwenda getini alikuwa akiyatafuta maneno upya.